Uso Wangu, Msamaha Wao

Kaka yangu alisamehe kwa niaba yangu Ijumaa moja baada ya swala, sebuleni kwa mama, Mtoni, mie nikiwa chumba cha pili nimeegemezwa kwenye mito. Nilimsikia vizuri. Kuta za nyumba yetu hazijafika kwenye paa, kwa hiyo linalosemwa sebuleni linasikika hadi jikoni.

"Sisi kama familia tumeshasamehe," alisema. "Ni kadari ya Mungu. Hatuna kinyongo na mtu."

Wageni wakaitikia. Vikombe vikalia kwenye visahani. Mtu mmoja akacheka kidogo, lile cheko la mtu aliyetua mzigo. Na mie meno yangu ya juu yalikuwa yamefungwa kwa waya na ya chini, siwezi kufungua mdomo hata kusema hapana. Nikaupiga ukuta kwa kiganja. Nikaupiga tena. Mama akaja akachungulia mlangoni.

"Unataka maji?"

Nikatikisa kichwa. Akaniletea maji na mrija.

Inabidi nieleze kwamba kazi yangu ni mdomo. Nasherehesha shughuli za kina mama: kicheni pati, singo za kumsinga bi harusi, vikundi vya akina mama vikigawana akiba mwisho wa mwaka. Nikishika kipaza sauti Temeke nzima wananijua, na wasionijua hutoka wakiniiga. Sijawahi kukosa neno. Hata nilipoachika niliiacha nyumba ile nikiwa ndiye niliyesema la mwisho. Sasa nililazwa chumbani kama kabati, na watu wakaamua mambo yangu upande wa pili wa ukuta.

Aliyenigonga ni mtu wa mtaani kwetu. Si mtoto. Ni mtu mzima mwenye mke na watoto, tumekua pamoja, tumekimbizana kwenye uchochoro uleule. Anaendesha bodaboda. Siku ile nilikuwa nimeshuka kituoni barabara ya Kilwa, nimesimama pembeni nasubiri kuvuka, naangalia upande magari yanakotokea kama mtu yeyote mwenye akili. Yeye akatokea upande wa pili, anapita kinyume na magari, simu mkononi. Sikuona kitu. Nilisikia tu mwili umenyanyuliwa, kisha taya langu likatua kwenye ukingo wa zege wa mtaro. Ule mlio niliusikia kwa ndani, si kwa masikio.

Alisimama. Hilo nitalisema kwa haki. Alisimama, akaniona ni mie, akashika kichwa kwa mikono miwili, akabaki hivyohivyo mpaka watu wengine waliponiingiza kwenye bajaji. Baada ya hapo sikumwona tena. Hospitali hakuja. Nyumbani hakuja. Alimtuma mama yake, na wazee wa kwao ndio waliokuja ile Ijumaa.

Taya lilivunjika mahali pawili. Walinipasua, wakaweka mabamba madogo na skrubu, wakanifunga waya ili mfupa utulie, wakanirudisha kwa mama na maagizo: uji mwepesi, supu iliyochujwa, lala kichwa kiwe juu, weka barafu iliyozungushiwa kitambaa. Waliniambia nitavimba. Hakuna aliyeniambia nitavimba vile. Shingo ilipotea. Jicho moja likawa mstari. Simu yangu iliyozoea kufunguka ikiuona uso wangu ilinikataa, ikaniomba namba ya siri kama vile mie ni mwizi. Nililia siku hiyo kwa sababu ya simu, na kulia ukiwa umefungwa mdomo ni kazi. Makamasi yanaziba pua na huna pengine pa kuvutia hewa.

Wageni walikuja kwa makundi. Walikaa kitandani kwangu wakaongea na mama juu ya kichwa changu.

"Anakula?"

"Anakunywa uji."

"Masikini. Na alivyokuwa mzuri."

Kana kwamba waya umefungwa masikioni. Mmoja alinong'ona kwa sauti ya kutosha kuuliza kama kweli ni pikipiki au kuna mwanamume. Wazee wakiingia nilishindwa hata kuwapa shikamoo, nikawa naweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa, na kila nikiinama damu inashuka usoni na uso unapiga kama ngoma. Wakasema nimepata adabu. Nikaandika kwenye simu: ADABU NILIKUWA NAYO. Nikamwonyesha mama. Akafuta maneno akaniwekea simu chini ya mto.

Siku mbili tatu baada ya ule msamaha wao, mama wa yule dereva alikuja na beseni. Ni mama wa makamo ya mama yangu, mkandaji wa wazazi. Mwanamke akijifungua pale mtaani, yeye ndiye anayeitwa kumkanda kwa maji ya moto, na ana mikono mikubwa inayojua kazi hiyo. Alikuja na taulo, majani ya mchaichai, na maji yanayotoa mvuke. Mama akamkaribisha. Angemkatalia vipi? Si tumeshasamehe?

"Maji ya moto yatatoa damu iliyoganda, mwanangu," akaniambia. "Tulia."

Alikamua taulo, akaniwekea shavuni, akakandamiza. Kisha akaingiza dole gumba chini ya sikio na kuvuta kuja kidevuni, kwa nguvu, kama anavyovuta mgongo wa mzazi. Nilimshika mkono. Mama yangu akaushika mkono wangu akautoa.

"Mwache akufanyie," mama alisema. "Anataka kujisafisha moyo."

Hiyo sentensi ninayo mpaka leo. Uso wangu umepasuliwa, umeshonwa, umetiwa skrubu, na sasa umegeuzwa dekio la kusafishia moyo wa mtu. Nilipiga kelele kwa ndani ya meno. Ilitoka kama mluzi. Wale mama wawili wakadhani ni maumivu ya kawaida, wakaambiana ndivyo dawa inavyoingia.

Asubuhi uso ulikuwa umejaa zaidi na ngozi inang'aa kama puto. Mama aliogopa, akanipeleka hospitali. Daktari akagusa huku na huku, akapima joto, akatazama mishono ya nje na ya ndani ya mdomo kwa tochi.

"Hakuna usaha, hana homa. Mna bahati," akamwambia mama. "Nani kamkanda kwa maji ya moto? Kidonda kibichi unakikandamiza hivi?"

Mama akatazama sakafu. Ungetegemea nifurahi, lakini nilimkasirikia daktari pia, kwa sababu kila swali alimwuliza mama. Mgonjwa analala vipi? Mgonjwa anakunywa kiasi gani? Nikaandika kwenye simu nikamsogezea puani: NIULIZE MIE. Akasoma, akasema "sawa sawa," kisha akamwuliza mama kama ninatumia dawa ya kusukutulia.

Lakini ndiye aliyenipeleka chumba cha mazoezi ya viungo, na kule nilikutana na mtaalamu wa fiziotherapia, mwanamke wa bara mwenye lafudhi ya Mbeya. Alisoma faili langu lote kwanza. Kisha akavuta kiti, akakaa usawa wa macho yangu.

"Nitauliza, utaandika. Sina haraka," alisema. Mama alipofungua mdomo kujibu, yule mtaalamu akamwambia kwa heshima kabisa, "Mama, ngoja kidogo, anaandika."

Niliandika kurasa. Akasoma zote. Kisha akasema, "Naomba nikuguse shingoni. Ukitaka niache, nyanyua kidole."

Tangu nigongwe hakuna mtu aliyekuwa ameniomba ruhusa.

Nilitegemea aanze na shavu. Akaanza juu ya mtulinga, pale penye kishimo juu ya mfupa wa bega, akaweka vidole vimelala na kuzungusha ngozi polepole sana. Ndiyo hivyo tu. Nikaandika: TAYA LIKO HUKU JUU. Akacheka.

"Najua liko wapi. Foleni ikishika Mtongani, utaanza kuondoa magari ya nyuma au ya mbele? Kwanza nafungua mbele. Nikianza na shavuni, yale maji nayasukumia wapi?"

Akanieleza kwamba chini tu ya ngozi kuna maji yanayopita kwenye vijinjia vyembamba, yanaitwa limfu, yanachujwa kwenye tezi za shingoni na kurudi kwenye damu. Hayana moyo wa kuyapampu kama damu. Upasuaji ukivuruga zile njia, yanatuama. Ukikandamiza kwa nguvu unazibana njia zenyewe. Masaji yake, akasema, ni ya kusogeza ngozi na si nyama. Uzito wa vidole uwe kama unafuta vumbi kwenye picha.

Alishuka pembeni mwa shingo, kisha nyuma ya sikio, kisha ndiyo akagusa shavu, mbali na mishono, akilivuta kuelekea sikioni na kulishusha shingoni. Sikuhisi maumivu. Karibu sikuhisi chochote. Na hilo likanikasirisha. Nimetoka Mtoni na uso kama boga, nimetazamwa na kila mtu, ili nije kupapaswa? YAANI HUKU NDIKO KUCHUA? nikaandika.

"Ndiko," alisema. "Na sikudanganyi. Sio muujiza. Uvimbe ungepungua wenyewe, taratibu. Hii inausaidia kupata njia, inakupunguzia kule kukaza. Ukiona pamekuwa pekundu, pana moto, au una homa, acha mara moja uje."

Nilipomeza mate kwenye ngazi za kutokea, yalipita. Kwa siku nyingi nilikuwa nameza kama mtu anayesukuma kabati. Sikumwambia mama. Nilikuwa bado nimemnunia.

Nyumbani nikawa najifanyia mwenyewe, asubuhi na jioni, mbele ya kioo cha kabati. Nakaa wima, navuta pumzi mpaka tumboni, naanza mtulingani, napanda hatua kwa hatua kama alivyonifundisha. Mama alikuwa anasimama mlangoni na upande wa kanga mdomoni, akitazama kwa dharau ya mtu aliyekanda watoto na wajukuu.

"Hivyo ndiyo unajichua? Hata mbu hafi."

Tatizo halikuwa mama. Tatizo lilikuwa vidole vyangu. Nikianza vizuri, halafu nikakumbuka sauti ya kaka, hatuna kinyongo na mtu, vidole vinazama vyenyewe. Nastuka nimejibonyeza mpaka machozi. Inabidi niache, niweke mikono mapajani, nisubiri. Mtu asidhani nilikuwa natulia. Sikutulia hata siku moja. Nilijifunza tu kuishikilia hasira tumboni isishuke mikononi, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kusimama na kipaza sauti usiku kucha. Nilikuwa nataka kuvunja sahani, na uso wangu unataka niuguse kama yai.

Uvimbe ukashuka, si kwa siku moja. Kwanza jicho likafunguka. Kisha asubuhi moja nikaona mfupa wa taya upande wa kushoto, kivuli chake tu, nikakaa mbele ya kioo nikaugeuza uso huku na huku. Simu ikakubali kunifungulia. Mama aliona. Kesho yake alinisogezea kiti karibu na kioo bila kuombwa.

Kisha yule mkandaji akarudi na beseni lake. Nilimwona dirishani anakuja, nikamwahi mlangoni. Nilikuwa nimeshaandika kwenye simu: Asante mama kwa kuja. Usiniguse tena. Mwanao yuko wapi, mbona haji yeye? Nikamnyooshea.

"Sina miwani, mwanangu," akasema. "Mama yako anisomee."

Nikampa mama. Mama akaisoma kimya, nikaona macho yake yanakwenda mpaka mwisho wa maneno. Akanitazama. Akamgeukia mwenzake.

"Anasema asante," mama alisema. "Anasema ameshapata nafuu."

Yule mama akafurahi, akamshukuru Mungu, akaacha mchaichai. Mie nikarudi chumbani na kuufunga mlango kwa nguvu mpaka vumbi la boriti likadondoka. Kwa mara ya pili nilikuwa nimesemewa, tena safari hii na mtu aliyesoma maneno yangu kwa macho yake mwenyewe. Jioni ile sikujichua. Nisingeweza.

Waya ulipotolewa, mdomo ulifunguka upana wa kidole. Sauti ilitoka nzito, "s" inateleza, ulimi umesahau mahali pake. Mama alikuwa ananitazama akisubiri niseme alhamdulillahi. Nikaisema. Kisha nikasema, "Naomba umpigie kaka, aje."

Kaka anakaa Kipawa. Alikuja Jumapili na maembe, yaani mtu asiyeweza kutafuna analetewa maembe. Tukakaa sebuleni palepale.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mungu mkubwa, umeanza kuongea."

"Nani alikwambia nimesamehe?"

Akaweka kikombe chini. "Mdogo wangu, yale si yaliisha?"

"Yaliisha kwa nani?"

"Ulikuwa huwezi kusema. Watu wazima wamekuja, wamekaa, lazima mtu awajibu."

"Nilikuwa chumba hicho hapo. Nilikuwa na simu mkononi. Ungesimama ukaja ukaniuliza. Nilipiga ukuta, kaka. Hukusikia?"

Alisikia. Nilimwona usoni kwamba alisikia.

"Sasa unataka nini?" akapandisha sauti. "Niende kwa wale wazee nikawaambie msamaha umerudishwa? Nitauweka wapi uso wangu?"

"Uso wako!" nikasema, na taya likauma kwa jinsi nilivyolifungua. "Uso wako una mabamba? Uso wako ulikandwa maji ya moto ili watu wajisafishe moyo? Umesamehe cha nani, wewe? Samehe vya kwako."

"Nyie mnanitia aibu," mama akaanza kulia. "Majirani wanasikia."

"Wasikie," nikasema. "Walisikia ule msamaha. Wasikie na hili."

Kaka aliondoka bila kula. Maembe aliyaacha. Mama aliwapa watoto wa jirani, na siku kadhaa hakuniongelesha zaidi ya karibu uji na usiku mwema.

Mie sikungoja. Nilijifunga mtandio nikatoka hadi kwenye kijiwe chao cha bodaboda, mchana kweupe, wenzake wote wamekaa juu ya pikipiki wanasikiliza singeli. Aliponiona akashuka. Wenzake wakapunguza sauti ya muziki.

"Kesho alasiri, kwa mama," nikamwambia. "Uje wewe. Usinitumie mtu."

Alikuja. Amevaa shati la kwenda msikitini, amekaa pembeni kabisa ya mkeka barazani. Wakati wangu wa kujichua ulikuwa umefika, nikaamua siuahirishi kwa ajili yake. Nikaegesha kioo ukutani, nikaanza mtulingani, nikapanda shingo, nikaja nyuma ya sikio. Nikamwacha atazame. Atazame kovu, atazame upande mmoja ulivyo mnene kuliko mwingine, atazame ni polepole kiasi gani inabidi mtu aguse alichovunja yeye mara moja. Hakujua aweke wapi macho. Vidole vyangu siku hiyo havikuzama, na sijui kwa nini.

Nilipomaliza nikamwambia, "Haya. Sema ulichofanya."

"Sista, ilikuwa bahati mbaya."

"Sikukuuliza bahati."

"Nilipita upande usio wangu. Nilikuwa nasoma meseji ya abiria."

"Halafu?"

"Halafu nikaogopa kuja. Bi mkubwa akasema yeye ataenda. Nikasikia mmesamehe, nikashukuru, nikakausha, nikajifanya yamepita."

"Mie sijasamehe."

"Nimesikia."

"Siku nikisamehe nitakuambia mie mwenyewe. Usiisikie kwa mtu."

Akaitika kwa kichwa. Akauliza kama bado inauma. Nikamweleza kwamba kuuma si sana, ila kidevu hakina hisia, uji ukinidondokea sijui mpaka mtu aniambie, na daktari anasema huenda itarudi, huenda isirudi. Hilo hakuwa analijua. Alifuta uso kwa mkono wa shati, akaaga, akaenda kwa miguu. Pikipiki aliiacha kwao siku hiyo.

Ningependa kusema nilipata wepesi. Sikupata. Nilichopata ni kwamba sasa anajua, nami najua kwamba anajua. Nimerudi kazini, shughuli fupi fupi kwanza, na nikichoka "s" inateleza na watu wa meza za mbele wanainama kunihurumia, jambo linalonichemsha. Kaka alipiga simu sikukuu iliyofuata, tukaongea habari za bei ya mchele na shule ya wanawe. Hajaniomba radhi. Bado namsubiri, na yeye anajua namsubiri.

Mama ndiye aliyebadilika, ingawa kwa shingo upande. Juzi walikuja shangazi zake kutoka Pugu, hawakuwa wameniona tangu ajali. Wakakaa, wakanitazama, wakamgeukia mama kama kawaida.

"Eti anaendeleaje?"

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Si huyo hapo," alisema kwa ukali. "Muulizeni mwenyewe."

Wakaniuliza. Nikavuta kiti, nikawaeleza kuanzia mwanzo.